Deni la Mwanagenzi

Katika pwani ya Msasani, kaskazini ya kitovu cha mji wa Dar es Salaam, kazi ya uvuvi hufundishwa kama ilivyofundishwa zamani. Kijana hapewi kitabu. Huchukuliwa chomboni akaambiwa ayafue maji yanayoingia, kisha ashike kamba, kisha, baada ya kuzijua pepo za kusi na kaskazi, akaachiwa usukani huku nahodha yu karibu naye. Siku ile ya kwanza ya kushika usukani watu wote waliomo chomboni huwa mikononi mwa mtu asiyejua. Hapana aonaye jambo hilo kuwa dhuluma, kwa kuwa kila nahodha aliyepata kukifikisha chombo salama Bongoyo au Mbudya alikuwa siku moja yule asiyejua.

Iko kazi nyingine katika mji huo huo ambayo hufundishwa kwa desturi hiyo, lakini bahari yake ni mwili wa binadamu. Nayo ni kazi ya kuwatunza wagonjwa mahututi. Mahututi ni mtu ambaye mapafu yake, au moyo, au figo, au ubongo, umeshindwa kufanya kazi yake, hata asipotegemezwa na mkono wa mwingine hufa kwa saa au siku chache. Mtu wa namna hiyo aghalabu hasemi. Amezimia, au amelazwa usingizi kwa dawa, au bomba la hewa limo kooni mwake. Hajui jina la anayemshika, wala hajui kama mkono unaomshika ni wa bingwa au wa mwanafunzi.

Basi swali linalofaa kuulizwa ni hili: je, ni halali mtu kujifunza kazi yake juu ya mwili wa mtu asiyeweza kusema ndiyo wala hapana? Na kama ni halali, ni kwa sharti gani?

Swali hili si la kubuni. Mafunzo ya udaktari yalianza Dar es Salaam mwaka 1963, katika hospitali iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, ambayo leo ni Muhimbili. Mwaka 1968 shule ile ikawa kitivo cha chuo kikuu, na mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kamili cha afya na sayansi shirikishi. Safari ya mwanafunzi ni ndefu. Husoma miaka 5 apate kuitwa daktari. Hutumikia mwaka 1 chini ya macho ya wakubwa. Hurudi darasani miaka 3 au zaidi apate ubingwa. Na wachache huendelea tena katika mafunzo ya juu ambayo siku hizi huitwa ubingwa bobezi. Lakini katika kila daraja la safari hiyo, kitabu humfikisha mwanafunzi ukingoni mwa kitanda tu. Kutoka hapo hana kitabu kingine ila mgonjwa.

Ichukuliwe kwa mfano habari ya mama mmoja wa Msasani, asiye na jina kwa kuwa yu katika mfano tu. Homa ilimshika siku tatu. Ya nne akaanza kusema maneno yasiyopangika. Wanawe wakampakia katika bajaji wakampeleka Mwananyamala, na kutoka huko gari la wagonjwa likampeleka Muhimbili usiku. Uambukizo umekwisha ingia damuni na msukumo wa damu umeshuka. Yahitaji apitishiwe mpira mwembamba katika mshipa mkubwa wa shingo ili dawa ya kuunyanyua msukumo huo imfikie. Sindano ikienda sawa, mama hupata nafasi ya kuishi. Ikipotoka upana wa kidole huweza kutoboa pafu. Kando ya kitanda wamesimama watu wawili: bingwa aliyekwisha fanya kazi hiyo mara mia, na kijana aliyeifanya mara mbili. Nani aishike sindano?

Akiulizwa mtoto wa yule mama, jibu lake lajulikana: bingwa. Na jibu hilo ni la haki, kwa kuwa mtoto hana mama wawili. Lakini wakiulizwa watoto wote wa Kinondoni na Temeke, wa leo na wa miaka ishirini ijayo, jibu hugeuka. Ikiwa sindano itashikwa na bingwa sikuzote, siku bingwa atakapozeeka hapatakuwa na mkono mwingine. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo za hospitali si mashine tu. Ni mikono iliyozoea. Kwa hiyo haki ya mama mmoja na haki ya mama wengi zimesimama zikitazamana juu ya kitanda kimoja, wala hapana hata moja kati yao iliyo ya uongo.

Kabla ya kutafuta suluhu yafaa kukumbuka mwanzo wa kazi yenyewe, maana ilizaliwa mikononi mwa wanafunzi. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, nchini Denmark, ulipatwa na maradhi makali ya polio. Wagonjwa waliletwa katika hospitali ya Blegdam wakiwa wamepooza hata misuli ya kuvutia pumzi, na mashine za kuwapumulisha zilikuwa chache mno. Tarehe 27 Agosti daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alimshughulikia msichana wa miaka 12 aliyekuwa akifa. Tundu lilifunguliwa katika koo lake, likatiwa bomba, na hewa ikasukumwa mapafuni kwa mfuko uliominywa kwa mkono. Msichana akaishi. Lakini kuufanya mkono mmoja uminye mfuko usiku na mchana ni jambo lisilowezekana. Basi wakaitwa wanafunzi wa uganga na wa meno, wapata 1,500, wakapokezana kwa zamu, kila mmoja kando ya mgonjwa mmoja, akimpumulia kwa mkono wake saa baada ya saa. Mwaka uliofuata, Desemba 1953, Ibsen alifungua katika mji huo huo chumba maalumu cha watu wa hali hiyo, ambacho wengi hukihesabu kuwa cha kwanza cha wagonjwa mahututi duniani.

Katika habari hiyo mna jambo linalopita uhodari. Wale wanafunzi hawakuja kumtumia mgonjwa ili wajifunze. Walikuja ili aishi, wakajifunza kwa kuwa walikuwapo. Tena walikaa karibu na ugonjwa unaoambukiza, nao walijua hivyo. Mwanafunzi na mgonjwa walikuwa chombo kimoja. Ulimwengu ulilishuhudia jambo hilo tena mwaka 2020 na 2021, wakati wa Uviko, ambapo mabingwa na wanagenzi waliokuwa wakiwatunza waliokatikiwa na pumzi walivuta hewa ile ile ya chumba, na baadhi yao wakafa.

Hapo ndipo mfano wa mvuvi unapoanza kuonyesha upungufu wake. Kijana wa Msasani anayekosea usukani huzama pamoja na nahodha na mabaharia. Hofu ya maji ni mwalimu wake wa pili, na mwalimu huyo halali. Lakini katika siku za kawaida daktari anayekosea sindano hazami. Anayezama ni mama aliye kitandani. Kijana huenda nyumbani, akala, akalala, kesho akarudi akiwa na maarifa zaidi ya jana, na maarifa hayo yamelipiwa na mtu mwingine. Wahenga walisema kwamba kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Ni methali njema kwa seremala na kwa mpishi, kwa sababu ubao hupatikana mwingine na chungu huwekwa tena jikoni. Kando ya mahututi methali hiyo humfariji aliyekosea bila kumuuliza aliyekosewa. Kwa mgonjwa huyo kosa la kwanza huweza kuwa la mwisho.

Kuna na uzito mwingine wa mizani, nao huonekana wazi katika Msasani yenyewe kuliko mahali pengi. Ni mahali ambapo kijiji cha wavuvi na nyumba kubwa za rasi hutenganishwa na matembezi mafupi. Tangu Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa mwaka 2022 njia ya kufika Upanga imekuwa nyepesi kwa wote wawili, mwenye gari na mpanda bajaji. Lakini wakiugua hawaendi kwa namna moja. Mwenye mali aghalabu huweza kumchagua daktari aliyekwisha iva, hata ikiwa ni kwa kupanda ndege. Asiye na mali hupokewa na hospitali ya umma, ambamo ndimo wanafunzi walimo. Hivyo uanagenzi wa taifa zima hubebwa na miili ya watu wa hali ya chini, na matunda yake huliwa na wote. Yule bingwa ambaye tajiri humlipa fedha nyingi alijifunza juu ya shingo za watu ambao hawakulipwa chochote, wala hawakuambiwa asante.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, alifundisha mwaka 1785 kwamba mwanadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia makusudi ya mwingine. Uzito wa fundisho hilo umo katika neno dogo la mwisho: tu. Watu hutumiana kila siku. Abiria humtumia dereva, na dereva humtumia abiria. Ubaya haumo katika kutumiana, umo katika kusahau kwamba anayetumiwa naye ana makusudi yake. Mama wa Msasani ana makusudi. Anataka kurudi kwake, kuwaona wajukuu, kuuza samaki wake. Mwanafunzi akiyakumbuka hayo, mama ni mgonjwa wake naye ni daktari wake, ijapokuwa mkono haujakomaa. Akiyasahau, mama amekuwa ubao wa kujaribia randa.

Basi jibu la swali lililoulizwa laweza kusemwa. Ni halali, lakini ni halali kwa namna mkopo ulivyo halali: kwa sharti la kujulikana kuwa ni deni, na kwa nia ya kulilipa. Mahali pa ile hatari ambayo mvuvi hushiriki na wenzake, na ambayo daktari haishiriki, lazima pawekwe kitu kingine cha kumfunga. Vifungo hivyo ni vitatu.

Cha kwanza ni ukaribu wa mwalimu. Nahodha hampi kijana usukani kisha akalala. Mkono wake uko tayari, na chombo kikianza kupinda huusogeza usukani kabla ya neno kutamkwa. Bingwa anayemwachia mwanagenzi kitanda na kwenda zake, kwa kisingizio kwamba vijana hujifunza kwa kutupwa majini, hafundishi. Anacheza kamari kwa mali ya mwingine. Hapa hapana budi kusemwa kwamba uchache wa mabingwa ni udhuru wa kweli. Bingwa mmoja hawezi kusimama kando ya vitanda kumi. Lakini udhuru wa kweli haugeuzi jambo baya kuwa jema. Huonyesha tu mahali ambapo taifa linadaiwa.

Cha pili ni ukweli. Ichukuliwe tena ile habari ya mfano. Kijana hutoka mlangoni, akamkuta dada wa mgonjwa ameketi juu ya mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Dada yangu vipi?"

"Mama, hali yake ni nzito. Yatupasa kumtia mpira katika mshipa wa shingo. Mimi ni daktari ninayejifunza kazi hii. Nitakayeshika sindano ni mimi, na mwalimu wangu atasimama karibu yangu, mkono wake juu ya mkono wangu. Kuna hatari, nayo ni hii na hii. Mkikataa, atafanya mwalimu mwenyewe."

Pengine mama mkubwa huyo atakataa, na kukataa kwake ni haki yake. Lakini wanaoyajua mambo ya watu wa pwani hawatashangaa akijibu: "Fanya, mwanangu, Mungu akuongoze." Kwa maana ametambuliwa. Ameombwa kitu ambacho ni chake, naye amekitoa. Kilichokuwa kikichukuliwa kimyakimya kimegeuka kuwa zawadi, na kati ya zawadi na wizi tofauti huwa ni kuomba tu. Na ikiwa usiku ni wa haraka mno, hata maneno hayana nafasi, ukweli hungoja mpaka asubuhi, haufi. Kadhalika kosa likitokea. Anayelificha kosa amewanyima wenye mgonjwa haki yao, na amewanyima wanafunzi wenzake somo ambalo bei yake imekwisha lipwa.

Cha tatu ni malipo, nacho ni kigumu kupita vyote, kwa kuwa anayedai mara nyingi hayupo tena. Deni la mwanagenzi halilipwi kwa aliyemkopesha. Hulipwa kwa mgonjwa ajaye. Daktari aliyejifunza Muhimbili juu ya mwili wa mama wa Msasani, kisha akayachukua maarifa yote akayafungia mahali ambapo mama wa namna ile hawezi kukanyaga, amehama na mkopo. Haisemwi kwamba kila daktari afungwe mguu asiende popote. Yasemwa kwamba hesabu ipo, na mwenye dhamiri huiona hata kama hapana karani anayeiandika.

Malipo hayo yana njia moja iliyo wazi ambayo wengi huipita kwa kutazama juu. Bobezi huweza kudhani kwamba elimu yake ni elimu ya mashine kubwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Lancet, uliofanywa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ulikuta kwamba mgonjwa 1 katika kila 8 waliolazwa alikuwa mahututi, na kwamba karibu 7 katika kila 10 ya mahututi hao walikuwa katika wodi za kawaida, si katika vyumba maalumu. Katika wale ambao pumzi ziliwashinda, zaidi kidogo ya nusu hawakuwa wakipewa oksijeni. Hao hawakukosa bobezi. Walikosa mtu wa kuhesabu pumzi zao, na mtungi, na mpira wa kupitishia hewa puani.

Na Muhimbili yenyewe ilitoa somo la jambo hilo. Mwaka 2015 ulichapishwa uchunguzi wa Tim Baker, Edwin Lugazia na wenzao, uliofanywa katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali hiyo. Hawakuleta mashine ya ajabu. Walipanga alama za hatari, kama vile pumzi, mapigo ya moyo, na msukumo wa damu, na kila alama wakaiambatanisha na hatua ya kuchukuliwa mara ionekanapo. Vifo vya wagonjwa wote havikupungua kwa kiasi cha kutosha kuthibitishwa. Lakini katika wale walioingia na msukumo wa damu ulioshuka, vifo vilipungua kutoka 92 hadi 69 kwa kila 100. Idadi iliyobaki ni kubwa ya kuhuzunisha. Lakini wale 23 waliopungua ni watu, na kilichowaokoa kilikuwa kutazama, na kutenda baada ya kutazama. Bobezi aliyefundishwa kwa miaka mingi akamfundisha muuguzi wa Temeke au wa Mwananyamala kuitambua alama ya hatari saa kumi za usiku, amelipa sehemu kubwa ya deni lake kuliko aliyeweza mashine kumi peke yake.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito. Anayejifunza kutegemeza uhai sharti ajifunze na kuacha. Yako magonjwa ambayo mashine ya kupumulia hairudishi mtu. Hurefusha kufa kwake. Hapo mwanafunzi hujaribiwa, maana mwili ule ambao hauna matumaini una mafunzo. Bado sindano yaweza kujaribiwa. Bado bomba laweza kutiwa. Na aliyelala hatalalamika. Lakini ruhusa yote ilisimama juu ya msingi mmoja, kwamba anafundisha huku akitibiwa. Tiba ikiondoka, msingi umeondoka. Kumchoma mtu anayekufa kwa ajili ya mazoezi ni kulitoa lile neno la Kant na kumfanya chombo tu. Kazi iliyobaki kwa mwanagenzi saa hiyo ni kuyaondoa maumivu, kuwaita wanawe waingie, na kukaa. Hiyo nayo ni elimu, tena haina sindano.

Hapana shaka watakuwapo watakaosema kwamba mizani hii ni mizito mno kwa mabega ya kijana aliyekesha usiku mbili. Ni kweli kwamba ni mizito. Lakini mabega hayo hayakuombwa kuibeba peke yake. Mwalimu aliye karibu huchukua sehemu yake. Taifa linaloongeza mabingwa na mitungi ya oksijeni huchukua yake. Na mgonjwa, aliye dhaifu kuliko wote, alikwisha chukua sehemu kubwa kabla ya mwingine yeyote. Yamfaa kijana, anapoosha mikono yake alfajiri, akumbuke kwamba maarifa yaliyomo katika mikono hiyo si mali yake yote. Sehemu yake ni ya mama fulani wa pwani ambaye pengine hakupona, na wajukuu wake bado wanaishi Msasani, nao siku moja wataletwa.